Mlima Ulio Nje ya Ukuta

Siku mliyoniaga mliniomba niseme maneno machache juu ya kazi yetu. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikaishia kuwashukuru kwa keki. Keki yenyewe ilikuwa kavu. Sasa niko nyumbani, nina chai na nina nafasi, na yale yaliyonikwama siku ile nayaandika hapa kwa ajili yenu mnaobaki karakana. Msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Hizo mnazijua, na hazijawahi kumnyima mtu usingizi kwa furaha.

Kwa asiyetujua, sisi ni mafundi wa maketi, yaani mifano midogo ya majengo, miji na bustani inayowekwa katika maonyesho ya jumba la makumbusho hapa Brussels. Mgeni akitaka kujua mji wa kale ulikaaje, hatumpi maneno. Tunamjengea juu ya meza, auzunguke mwenyewe.

Mimi niliingia kazi hii nikitokea kwenye usafi wa ofisi karibu na Porte de Namur. Kabla ya hapo, kwetu Kolwezi, Kongo, nilikuwa mshonaji. Fundi mkuu wa karakana alikuwa Papa Ilunga, mtu wa Likasi, mrefu, mwenye aproni iliyojaa gundi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Siku ya kwanza hakutazama karatasi zangu. Alitazama mikono.

“Unajua kushona?” akaniuliza.

“Ndiyo, papa.”

“Bon. Donc unajua kungojea.”

Bon yake ni “vema”, na donc ni “kwa hiyo”. Akanipa kikapu cha vijiti vikavu, kibano na gundi, akaniambia nitengeneze miti. Nilitengeneza mpaka mchana, yote imesimama wima, yote ya kimo kimoja, imepangwa kama vifungo vya shati. Niliona fahari. Papa Ilunga akaja, akainama.

“Maman Godé, hii ni pori ao ni kambi ya basoda?”

Basoda ni askari. Akang'oa mmoja, akaupinda kwa kidole gumba. “Miti inagombania jua. Moja inasukuma mwenzake. Anza tena.” Nikaanza tena. Wiki nzima nilikuwa nikipanda na kung'oa, na jioni nikirudi nyumbani niliitazama miti ya barabarani kama watu walionifanyia kiburi.

Mambo mawili aliyonifundisha nataka myashike. La kwanza ni maji. Maji ndiyo yanayomwaibisha fundi. Resini, utomvu wa kiwandani unaoganda kama kioo, ukiimimina nene inachemka yenyewe kwa ndani, halafu inapasuka. Mimina tabaka jembamba, ngojea likauke, mimina jingine, na mapovu uyafukuze kwa hewa ya moto kabla hayajazoea kukaa. Na vumbi ni adui. Siku ya kumimina, Papa Ilunga hakuruhusu nguo ya sufu ndani ya karakana. Niliona kwa macho yangu mkurugenzi akirudishwa mlangoni kwa sababu ya koti lake zuri. Alitii, tena akaomba radhi.

La pili ni kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwetu sisi si methali, ni kanuni ya kazi. Ukitazama maketi kutoka juu, unaona anachokiona ndege, na ndege hanunui tiketi. “Shuka mpaka fasi ya muntu,” alikuwa akisema Papa Ilunga. Maana yake piga magoti, jicho lilingane na ukingo wa meza, utazame kama mtu aliyesimama mle ndani. Magoti yangu leo yanayajua mafundisho hayo kuliko kichwa.

Nimefanya kazi nyingi, za bandari, za migodi, hata jiko moja la watawa lililotushinda kwa mabomba yake ya moshi. Lakini kazi ambayo naibeba moyoni ni moja, ile ya bustani ya ziwa ya wafalme wa China.

Aliyetuletea kazi hiyo ni Neema, Mtanzania wa Morogoro, aliyesomea historia ya bustani kule Beijing na kuajiriwa na jumba letu kwenye idara ya Asia. Alishuka karakana na ramani kubwa, akakataa kiti, akaketi juu ya gunia la plasta.

“Wazee wangu, tuanzie mwanzo,” akasema. “Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kulikuwa na mfalme wa nasaba ya Han. Akasikia kwamba baharini kuna visiwa vitatu wanakoishi watu wasiokufa. Akatuma watu wakavitafute. Hawakuvipata. Basi akachimba ziwa kwenye kasri lake, akainua visiwa vitatu katikati. Yaani, kama hawezi kwenda kwao, basi awajengee kwake.”

“Na ule mfalme alikufa?” akauliza Papa Ilunga.

“Alikufa, mzee.”

“Bon.”

Neema akacheka, akaendelea. Tangu wakati huo, akasema, nasaba baada ya nasaba zimerithi wazo lile la ziwa moja na visiwa vitatu. Pale Beijing wafalme wa Jin walikuwa na ziwa na kisiwa chao. Wamongolia walipokuja wakaupanga mji wao mkuu kulizunguka ziwa hilo, na Ming wakalichimba zaidi kuelekea kusini, mpaka pakawa na mnyororo wa maziwa kando ya kasri. Halafu wafalme wa Qing wakatoka nje ya mji, upande wa kaskazini-magharibi kwenye chemchemi, na huko ndiko liliko Ziwa Kunming, lile tulilotakiwa kulijenga.

Mfalme aliyelipanua alikuwa na sababu mbili za kuwaambia watu: mji unahitaji maji, na mama yake anatimiza miaka sitini. Udongo uliochimbwa ziwani ulirundikwa kwenye kilima cha kaskazini, kikaitwa Mlima wa Maisha Marefu. Mimi mama yangu alipofikia umri huo nilimtumia kitenge, naye akalalamikia rangi.

Mpango wenyewe ni huu. Kaskazini kuna kilima, na juu yake mnara wa hekalu. Chini ya kilima, ukingoni mwa maji, kuna ujia mrefu wenye paa, boriti zake zimechorwa picha kutoka mwanzo hadi mwisho. Kusini kote ni maji. Ndani ya maji kuna visiwa vitatu vikubwa, na kimoja kinafikiwa kwa daraja refu la matao kutoka mashariki. Magharibi kuna tuta lenye madaraja sita, lililoigwa kutoka ziwa la Hangzhou ambalo mfalme alilipenda akashindwa kulibeba. Kuna na mashua ya mawe isiyokwenda popote. Askari wa Kiingereza na wa Kifaransa waliichoma bustani hiyo, ikajengwa upya baadaye. Neema aliposimulia habari ya moto, Papa Ilunga hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga msasa.

Lakini alichokipenda ni mlango. Mlango mkuu uko mashariki, na ukiingia huoni ziwa. Unaona ukumbi, nyuma yake mawe yaliyorundikwa, njia inakata kona, unaanza kudhani umedanganywa, ndipo maji yanafunguka yote kwa mara moja.

“Ule fundi alikuwa muntu ya akili,” Papa Ilunga akasema. “Anakuficha kwanza. Halafu anakupa.”

Tukaanza kazi. Na katikati ya kazi nikaanza kuona kwamba Papa Ilunga anagonga pembe za meza kwa nyonga, na kwamba kikombe kikiwa kando yake hakioni mpaka amekimwaga. Kwa muda alisema ni uzee. Mwishowe nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye hospitali kubwa kule Jette, kwa sababu mke wake alikuwa marehemu na watoto wako Kanada. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akatueleza bila kutuzungusha. Ni presha ya macho, imeingia zamani, kimya kimya. Kuona kwake kunafunga kutokea pembeni kuja katikati. Dawa zinaweza kuchelewesha, kurudisha haziwezi. Cha katikati ndicho cha mwisho kuondoka, na hata hicho hakuweza kuahidi.

Tukiwa kwenye metro ya kurudi, Papa Ilunga alikaa mikono juu ya magoti.

“Maman Godé, miye siko naomba mingi,” akasema. “Minataka paka kintu kimoja. Nione ile ziwa yote, na macho yangu, na maji yake. Mara moja. Kisha, bon.”

“Utaiona, papa.”

“Usiniambie utaiona. Niambie tutumike mbio.”

Kutumika, kwetu, ni kufanya kazi, na “paka” ni “tu”. Tukatumika. Neema alikuwa amekwenda Beijing kwenye utafiti wake, na sisi hatukuwa na wa kutuuliza maswali. Visiwa vikakaa mahali pake, ujia ukapata picha zake, tuta likapandwa miti minene iliyogombania jua vilivyo. Resini ilimiminwa tabaka kwa tabaka, likabaki la mwisho tu. Papa Ilunga bado aliweza kuliona ziwa karibu lote akisimama mbali kidogo. Kila asubuhi alilitazama kabla ya kuvaa aproni, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Ndipo Neema akarudi. Aliingia na mkoba wake wa safari, akasalimu, na kwa kuwa Papa Ilunga alikuwa amemfundisha na yeye kuinama, hakutazama kutoka juu. Alipiga magoti upande wa mashariki, jicho kwenye ukingo wa meza. Akakaa hivyo muda mrefu.

“Mzee, mlima uko wapi?”

“Mulima njo hii,” Papa Ilunga akajibu, yaani mlima ndio huu, akionyesha kaskazini.

“Si huo. Ule wa magharibi, wenye pagoda.”

Pagoda ni mnara wa hekalu wenye ghorofa nyingi. Tukapiga magoti sote. Nyuma ya miti ya tuta, mahali ambapo Neema alitazamia mlima, kulikuwa na kabati la rangi na pipa la taka.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na ndiyo maana lilitupita. Fundi wa maketi akipewa ramani, kitu cha kwanza anachofanya ni kukata ubao kwenye mpaka. Mali ya mtu inaishia ukutani, na ubao unaishia hapo hapo. Ramani yetu pia iliishia ukutani, maana waliochora ramani nao ni watu wa mipaka. Fundi yeyote wa kazi yetu angekata pale pale. Lakini waliopanga bustani ile hawakuishia ukutani. Ng'ambo ya ukuta, magharibi, kuna kilima cha chemchemi chenye pagoda juu yake, na nyuma yake milima inayofifia. Walipanga ziwa lote ili mtu anayesimama mashariki aone pagoda ile juu ya maji, kana kwamba ni yake. Wachina wana jina la ufundi huo. Wanasema ni kuazima mandhari.

Mimi nilikuwa nimekasirika, nikasema, “Nguo ya kuazima haisitiri maungo.”

“Mfalme huyu alijisitiri nayo, dada,” Neema akanijibu. “That's the whole point. Halafu kile kilima chenyewe kilikuwa bustani yake nyingine.”

“Anakopa kwake mwenyewe,” Papa Ilunga akasema polepole. “Na maji? Maji ya ziwa inatoka wapi?”

“Yanatoka huko huko, mzee. Kwenye chemchemi za kilima hicho.”

Sote tulikuwa tunapiga hesabu ileile. Kuweka kilima mbali, kwenye stendi yake upande wa pili wa chumba cha maonyesho, haikuwa shida. Shida ilikuwa tuta. Miti yetu ilikuwa minene na tuta limeinuka mno. Kilima chochote kingefichwa. Ingebidi kulivunja, kukata resini iliyokwisha kukauka, kulishusha, kupanda upya, kumimina upya. Ile ilikuwa kazi ya miezi, na macho ya Papa Ilunga hayakuwa na miezi ya kuchezea. Neema alijua habari za Jette. Uso wake ulibadilika, akasema kwa sauti ya chini, “Tunaweza kuacha hivi, mzee. Honestly. Nitaweka picha ya pagoda ukutani, na maelezo. Wageni hawatajua.”

Mkurugenzi naye alituambia tuchague wenyewe, tarehe ya ufunguzi inaweza kusogezwa. Papa Ilunga akatuambia twende tukale.

Tuliporudi tulimkuta amevua miwani, kibano mkononi, na nusu ya miti ya tuta iko ndani ya kikapu. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu ambaye si ndugu yangu.

“Papa, docteur alisema nini? Wewe mwenyewe ulisema unataka kuona ziwa. Inabakia paka kumimina mara moja!”

“Nilisema minataka kuona ziwa,” akajibu. “Hii si ziwa, maman. Hii ni bassine ya kunawa.”

“Na kama hautaiona tena?”

“Bantu ingine itaona.” Alimaanisha wageni. Akang'oa mti mwingine. “Mais nikiona bustani yenye kukosa mulima yake, nitasema niliona nini?”

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, na nilipochoka kulowa nikarudi ndani, nikachukua kibano changu.

Tuligawana kazi. Mimi na wenzangu tuta, yeye kilima na pagoda. Aliichonga kwa mti wa mpea, ghorofa juu ya ghorofa, akitumia zaidi kidole gumba kuliko jicho. Zana zake alizipanga mezani kwa mpangilio wake, na sisi tulijifunza kutogusa kisu chake hata kwa wema. Msimu ukageuka. Nilimwona akiliangalia ziwa kipande kwa kipande, daraja hili, kisha kichwa kinageuka, daraja lile, kama anayesoma herufi moja moja. Kisha akaacha kuliangalia.

Siku ya kumimina tabaka la mwisho alisimama kando yangu.

“Maji imefika mpaka kwa ukingo?”

“Imefika, papa.”

“Bon,” akasema, akaenda kunawa mikono. Nililia juu ya ndoo ya resini, nikageuza uso ili chozi lisiharibu maji yake. Alichokiomba kwenye metro kilikuwa mbele yake, kimekamilika, na hakimo ndani ya macho yake.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa. Tulikuwa tumejenga mlango wa mashariki kama wa kule, ukumbi kwanza, kisha ukuta wa mawe wa kuficha, kisha kona. Papa Ilunga alivaa suti ya kijivu, mkono wake juu ya mkono wangu. Tukakata kona. Watu waliokuwa mbele yetu walisema “aah” kwa pamoja, nami nikaona aibu kwamba sisi tumewaandalia wao kitu kile na yeye hana fungu.

“Maji iko wapi?” akauliza.

Nikauweka mkono wake kwenye ukingo wa meza. Akapiga magoti, polepole, mimi nikimshika kiwiko. Jicho likalingana na ukingo. Akageuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama anayetafuta tundu la ufunguo. Halafu akasimamisha kichwa.

Nilisubiri. Kiwiko chake sikukiachia.

“Njo ile,” akasema.

Ziwa lilikuwa pana mno kwa kile kilichobaki cha macho yake. Visiwa havikuingia, daraja halikuingia. Lakini pagoda ilikuwa mbali, ng'ambo ya chumba, ndogo kabisa, na ikatosha katika kile kitundu cha katikati. Aliiona kutoka msingi hadi ncha, juu ya maji, ng'ambo ya tuta tulilolishusha kwa ajili yake.

“Unaona, papa?”

“Minaona. Iko mbali muzuri.”

Watu wakaanza kuja kumpongeza. Mkurugenzi alikuja, Neema alikuja akiwa na wageni wake wa Beijing, wazee wetu wa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini hapa, walikuja wamenyoosha mikono. Papa Ilunga hakugeuka kwa hata mmoja. Alijua kwamba kichwa kikisogea kidogo tu ataipoteza, na hakuwa na hakika kama ataipata tena. Kwetu mzee asiyepokea mkono wa mtu ametukana. Basi nikasimama nyuma yake, nikawa napokea mimi, mkono baada ya mkono, nikiwaambia kwa sauti ya chini, “Musikasirike. Papa iko naangalia.”